Kaya Hufilisika Kabla ya Matanga

Ukitaka kujua Ukimwi uligonga nyumba zipi katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, usianze na makaburi. Angalia kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba. Shina la mgomba linalotunzwa huachiwa vizazi vitatu tu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu aliyechipua karibuni. Machipukizi mengine hung'olewa. Majani makavu huondolewa, udongo hufunikwa kwa nyasi zilizokatwa rweya, mbuga ya nyasi iliyo nje ya vibanja, na gogo la mgomba uliovunwa hukatwa vipandevipande likauke upesi, fukusi wasipate pa kuzaliana. Kwenye kibanja kilichokosa mikono, shina moja huwa na machipukizi manane au kumi yanayonyang'anyana chakula. Mikungu hupungua mwaka hadi mwaka. Mibuni iliyo katikati hurefuka bila kupogolewa, mpaka matunda hayafikiwi kwa mkono. Hali hiyo haiji kwa mwezi mmoja. Huchukua miaka miwili au mitatu, na mara nyingi ilianza mwenye kibanja akiwa hai, amelala ndani.

Tumezoea kupima hasara ya Ukimwi kwa kuhesabu waliokufa. Kwa kaya ya mkulima, sehemu kubwa ya hasara ilikuwa imeshaingia kabla jeneza halijanunuliwa. Kilichoamua kama kaya itainuka tena ni vitu ilivyouza wakati wa kuuguza, na baada ya kuzika, ni nani aliyeachwa na ardhi.

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Vijijini ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kwa magendo kutoka Uganda. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Bukoba mjini wana virusi, na takriban mmoja kati ya kumi Bukoba vijijini na Muleba. Wilaya za Ngara na Biharamulo, za mkoa huohuo, zilikuwa hazijafika hata asilimia moja. Dawa za kufubaza makali ya VVU (ARV) zilianza kutolewa bure na serikali mwishoni mwa 2004. Kwa zaidi ya miaka ishirini, basi, kuugua kulikuwa na mwisho mmoja tu, na kila kaya iliyouguza ilikuwa inatumia mali yake kununua miezi, wala si kununua uzima.

Kagera pia ina kitu ambacho mikoa mingi ya Afrika haina: kumbukumbu. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Benki ya Dunia walizihoji kaya zaidi ya 900 za mkoa huo, wakarudi 2004 na tena 2010, wakiwafuata watu hata kule walikohamia. Ndiyo maana leo tunaweza kuzungumza juu ya jambo hili kwa hesabu, tusiishie kwenye huruma.

Tuanze na nguvu kazi. Mgonjwa mmoja wa kitandani huondoa watu wawili shambani: yeye mwenyewe na anayemwuguza, ambaye kwa kawaida ni mke, mama au binti. Anayeuguza hufua, hupika uji mara kadhaa kwa siku, huchota maji zaidi ya kawaida na hulala nusu usingizi. Asubuhi hana mkono wa jembe. Na kilimo cha Kagera hakisubiri: maharage hupandwa mvua za Septemba zikianza, kisha tena mwezi wa tatu. Ukichelewa wiki mbili au tatu, mvua hukatika maharage yakiwa kwenye maua. Kwa hiyo wiki tatu za kuuguza zikiangukia Septemba zinaweza kugharimu kitoweo cha miezi minne, ilhali wiki hizohizo zikiangukia Juni zisionekane kabisa. Hesabu za kitaifa hazina namna ya kuona tofauti hiyo.

Udhaifu wa mgonjwa kabla hajalala kabisa nao huwa haupimwi. Kwenye migomba hakuna mzani. Mzani upo kwenye chai. Katika mashamba makubwa ya Kericho, nchini Kenya, kila mchumaji hupimiwa majani yake kila siku na kilo zake huandikwa, kwa hiyo watafiti waliweza kurudi kwenye daftari na kuangalia. Wafanyakazi waliokuja kufa au kuacha kazi kwa sababu ya Ukimwi walikuwa wamechuma pungufu ya kati ya kilo 4 na karibu 8 kwa siku katika miezi 18 ya mwisho ya kazi yao. Mwaka mmoja na nusu mzima. Mchumaji wa chai alikatwa ujira hapohapo. Mwenye kibanja alikatwa polepole, kwa machipukizi yasiyong'olewa na nyasi zisizotandazwa.

Sasa tuje kwenye mali, kwa sababu hapa ndipo kaya mbili zenye msiba unaofanana zilipoachana njia.

Mauzo yana mpangilio wake. Kwanza huenda akiba na kuku. Vibarua huachishwa. Kisha mbuzi. Hadi hapo kaya haijaumia kwa namna isiyotibika, maana mbuzi na kuku hurudi ndani ya mwaka au miwili. Hatari huanza hatua mbili zinazofuata.

Ya kwanza ni butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini, pengine ikiwa bado maua. Serikali imekuwa ikipiga marufuku biashara hii miaka nenda rudi, nayo haifi, kwa sababu inakidhi haja ambayo hakuna benki inayoikidhi: fedha mkononi leo, bila fomu, dhamana ikiwa ni mbuni wenyewe. Chukua mfano wa kimahesabu. Mfuko wa kahawa ya maganda ungeuzwa shilingi 100,000 mwezi wa saba. Mnunuzi wa butura anatoa 50,000 mwezi wa pili na kuuchukua wote ukiiva. Huo ni mkopo wenye riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano. Mwenye mgonjwa haoni riba, anaona nauli ya kwenda hospitali. Msimu ukifika hana kahawa ya kupeleka chama cha msingi cha ushirika, hivyo hana fedha ya ada wala ya vibarua wa kupogolea, na mwaka unaofuata anauza butura tena, safari hii mapema zaidi. Wapo waliozunguka humo miaka mingi baada ya mgonjwa kuzikwa.

Ya pili ni ng'ombe, na hii ndiyo ninayoiona kuwa mbaya kupita zote. Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo imesafisha rutuba ya udongo kwa karne nyingi, na ukitazama rweya unaona jinsi ardhi ile ilivyo maskini ikiachwa peke yake. Kibanja chenye ndizi nzuri kilijengwa na watu: vizazi na vizazi vya kubeba nyasi kutoka rweya, kuzipitisha kwa ng'ombe, na kurudisha samadi kwenye mashina. Ng'ombe ndiye daraja. Akiuzwa, mkungu wa mwaka huu haupungui, kwa sababu udongo bado una akiba ya mwaka jana. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mwaka wa pili migomba huanza kuangushwa na upepo, mizizi ikiwa dhaifu kwa minyoo na fukusi. Mwaka wa tatu mikungu ni midogo na kaya inanunua chakula ambacho ilikuwa inakiuza. Wakati huo hakuna anayeunganisha njaa ile na ng'ombe aliyeuzwa miaka mitatu nyuma kulipia dripu.

Baada ya ng'ombe hubaki ardhi yenyewe. Huanza kuuzwa pembe iliyo mbali na nyumba, kisha kipande cha kibanja, mara nyingi kwa jirani ambaye mwenyewe anajua kwamba bei ni ya msiba.

Mazishi nayo yana gharama, na lawama nyingi zimeelekezwa huko: ng'ombe wa matanga, usafiri wa kumrudisha marehemu kutoka mjini, siku za kukaa bila kulima. Ni kweli kwamba kaya nyingi zilitumia zaidi kwa mazishi kuliko kwa matibabu, na vijiji vyenyewe viliona hivyo, vikapunguza siku za matanga misiba ilipozidi. Lakini naona lawama hizo zimekosea shabaha. Mazishi ndiyo sehemu ya janga hili ambayo wanavijiji walikuwa wamejiwekea bima. Chama cha kuzikana kipo karibu kila kitongoji: kila mwanachama anajua kiwango chake cha fedha, mikungu mingapi ataleta, nani anachota maji, nani analeta kuni, na asiyefika hulipa faini. Kinafanya kazi kwa sababu kifo hakina ubishi. Kila mtu amekiona, hakiwezi kughushiwa, kinatokea mara moja, na gharama yake inajulikana kabla.

Ugonjwa una kila kitu kinyume. Unaanza usipojulikana, unapona na kurudi, unadumu miezi au miaka, na hakuna jirani anayeweza kusema ni lini mchango utakoma. Juu ya hayo, Ukimwi ulikuja na aibu, na mtu hawezi kuombewa mchango kwa ugonjwa ambao familia inaukana. Ndiyo maana kuna vyama vya kuzikana na ni nadra kukuta chama cha kuuguzana. Kijiji kilikuwa tayari kuubeba msiba wa siku tatu. Miaka miwili ya kitandani iliachiwa kaya moja, na ndiyo iliyomaliza ng'ombe.

Matokeo? Utafiti wa Kagera ulionyesha kwamba kifo cha mtu mzima kilishusha matumizi ya kaya kwa asilimia 7 katika miaka mitano ya mwanzo. Inaonekana kidogo, mpaka ukumbuke kwamba kaya nyingine mkoani zilikuwa zinapanda kipindi hichohicho, hivyo pengo la ukuaji kati ya waliofiwa na kaya ya wastani lilifika pointi 19 za asilimia. Kifo cha mwanamke kiliumiza zaidi. Kwa upande mwingine, utabiri uliokuwa ukivuma miaka ya tisini, kwamba kaya zilizofiwa zingeacha mazao ya biashara na kukimbilia chakula cha kujikimu tu, haukutimia Kagera. Baadhi ya kazi za shamba zilipungua kwa muda, kazi za ujira zilishuka baba akifa, lakini miezi sita baadaye kilimo kilikuwa kimerudi katika sura yake. Tukiri hivyo bila kigugumizi, maana waliotia chumvi waliwapa watunga sera sababu ya kupuuza hata lile lililokuwa kweli.

Kenya ilionyesha sura kali zaidi. Kaya za wakulima zilizofuatiliwa kati ya 1997 na 2000 ziliporomoka kwa asilimia 68 katika thamani ya mazao pale alipokufa mwanamume mkuu wa kaya mwenye umri wa kufanya kazi. Na kilichopungua kilitegemea aliyekufa ni nani: akifa baba, kahawa, chai na miwa vilipungua; akifa mama, nafaka. Hakuna fumbo hapo. Mwanamume alikuwa na namba ya uanachama kwenye ushirika, alijua bei, alijua nani ana mkopo wa mbolea, na maarifa hayo hayakuandikwa popote. Mwanamke alikuwa na mbegu. Maharage ya kupanda huchaguliwa na kuhifadhiwa na yeye, na Kagera njugu mawe za rweya ni kazi yake tangu kuchoma nyasi hadi kuvuna.

Ndiyo sababu hasara ya kufiwa na mama inaonekana mwilini mwa mtoto. Watoto wa Kagera waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 walipopimwa ukubwani walikuwa wafupi kwa sentimita 2, wamesoma pungufu kwa mwaka mmoja, na matumizi yao yalikuwa chini kwa asilimia 8.5 kuliko wenzao waliofanana nao kwa kila hali ila mama zao walikuwa hai. Kaya inaweza kuinuka tena, ikanunua ng'ombe mwingine. Sentimita mbili hazirudi.

Wengi wa watoto hao walilelewa na bibi. Huko Nshamba, Muleba, mradi wa Kwa Wazee umekuwa ukiwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi tangu 2003. Fedha ya uhakika inayofika tarehe inayojulikana humwezesha bibi kufanya jambo ambalo msaada wa mara moja hauwezi: kukataa butura. Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 mwaka 2016. Tanzania Bara bado haijawa na pensheni ya wazee wote, na sioni hoja yoyote nzito ya kuichelewesha.

Halafu kuna mjane. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa maneno mengine, mwanamke aliyetandaza nyasi kwenye kibanja kwa miaka ishirini anakikalia kwa hisani. Akiwa na mtoto wa kiume mkubwa, ana kinga. Akiwa na mabinti, au hana mtoto, shemeji wanaweza kuanza kupima hatua wiki ya pili baada ya mazishi. Na kwa kuwa hajui kama mwakani atakuwepo, hawezi kupanda mbuni utakaozaa baada ya miaka mitatu, wala kupeleka samadi. Analima cha msimu. Hivyo kibanja kinachakaa hata pale palipo na mikono. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ikiamua malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, iliitaka nchi ibadili kanuni hizo.

Sheria nyingine inampa mjane pa kushika, ila lazima ashike mapema. Njia iliyo imara kuliko zote ni hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, yenye majina ya mume na mke, ikiandikwa wote wakiwa hai. Hati ikiwa na jina moja, safari huwa ndefu: kupata cheti cha kifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake, maombi ya usimamizi wa mirathi katika mahakama ya mwanzo. Hapo kosa kubwa ni mjane kutohudhuria kikao kwa sababu bado yuko kwenye eda au amelazwa, akakuta shemeji ameshapendekezwa kuwa msimamizi. Kosa la pili ni kudhani kwamba msimamizi ni mmiliki. Si kweli. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa awasilishe mahakamani orodha ya mali na madeni, na mjane ana haki ya kwenda kuuliza kama imewasilishwa. Wanaouliza ni wachache, na wasimamizi wengi wanalijua hilo.

Nimeacha dawa mwisho kwa makusudi. Tangu ARV zifike vijijini, mazungumzo yake yamebaki kwenye wizara ya afya, wakati ushahidi unaziweka pia upande wa kilimo. Magharibi mwa Kenya, eneo la kliniki ya Mosoriot, wagonjwa walioanza dawa walifuatiliwa majumbani mwao. Ndani ya miezi sita idadi ya waliokuwa wakifanya kazi ilipanda kwa asilimia 20 na saa za kazi kwa wiki ziliongezeka kwa asilimia 35. Sijui pembejeo nyingine, iwe mbolea au mbegu bora, inayorudisha nguvu kazi ya kaya kwa kasi hiyo. Tena dawa hairudishi mtu mmoja tu. Inamrudisha na yule aliyekuwa akimwuguza, inambakiza ng'ombe zizini, na inaiacha kahawa mtini hadi iive.

Kwa hiyo Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ambayo tangu 2003 ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya matibabu ya VVU barani, swali halikuwa la hospitali pekee. Mgonjwa akikosa dawa miezi kadhaa haanguki siku hiyo. Anapoteza kilo chache za chai kwa siku, anaacha kung'oa machipukizi, anauza mbuzi. Tutakapoanza kuona vifo, ng'ombe watakuwa wameshauzwa.

Yapo mambo madogo ya kufanya sasa yasiyohitaji mkutano wa wafadhili. Mtu aliyetulia kwenye dawa apewe za miezi sita, na tarehe zake za CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, zipangwe zisiangukie Septemba wala mwezi wa tatu. Nauli ya kwenda kliniki ihesabiwe kama gharama ya dawa, kwa sababu kwa anayetoka kijijini ndiyo gharama yenyewe. Vyama vya msingi vitoe mkopo mdogo wa dharura kwa mwanachama mwenye mgonjwa, ukatwe kwenye kahawa yake kwa riba inayojulikana. Butura haitaondolewa na mgambo, itaondolewa na mkopeshaji mwenye bei nafuu. Mipango ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe ianze na nyumba zilizouguza, na ndama wa kwanza arudishwe baada ya samadi kuingia kibanjani misimu miwili. Na maofisa watendaji wa vijiji wanaoandaa hati za kimila waulize swali moja kabla ya kuandika jina la mume: mke wako anaitwa nani?